Dharura za meno: maswali yanayorudi kila siku, lini usubiri asubuhi na lini uondoke usiku huo huo

Haya ni maswali ambayo watu wanauliza kila siku, foleni ya kliniki, kwa simu usiku wa manane, dirishani famasi. Kama muda huu unaposoma uso umevimba na kumeza ni shida, ruka yote nenda swali la 2 afu ondoka, mengine utasoma ukirudi.

## Mambo ya mwanzo

1. Dharura ya meno ni ipi hasa? Kwani kila jino likiuma ni dharura?

Hapana, na hapa ndo wengi tunachanganya. Vitu ambavyo haviwezi kusubiri ni uvimbe unaosambaa, damu isiyokata, ajali ya uso au taya, na jino la ukubwani lililong'oka zima zima. Maumivu makali yanatesa sana na yanatakiwa kutibiwa haraka, kesho yake ikiwezekana, ila maumivu peke yake mara nyingi siyo yanayoua mtu.

Shida ni kwamba tunapima hatari kwa maumivu. Jino likiuma tunahangaika, likiacha tunakaa kimya, wakati ugonjwa wenyewe mara nyingi unakuwa mbaya zaidi baada ya maumivu kupungua (sababu iko swali la 6). Mimi naomba kama utabeba kitu kimoja hapa basi ni hiki, angalia uvimbe, homa, kumeza na kupumua, usiangalie tu jino linauma kiasi gani.

2. Ni dalili gani nikiziona niondoke saa hiyo hiyo hata kama ni saa tisa usiku?

Uvimbe chini ya kidevu au unaoshuka shingoni. Ulimi umeinuka juu, au chini ya ulimi pamekuwa pagumu. Unashindwa kumeza mate hadi yanadondoka yenyewe, sauti imebadilika haieleweki vizuri, mdomo ukifungua haviingii hata vidole viwili vilivyosimama (mtu mzima kawaida vinaingia vitatu). Jicho limeanza kufungwa na uvimbe, au kuona kumebadilika. Homa ya kutetemeka, kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida. Damu inayotoka bila kukata hata baada ya kubana nusu saa. Kugongwa usoni na kupoteza fahamu hata kidogo.

Moja tu kati ya hizo inatosha, usisubiri zitimie zote. Njiani mgonjwa akae wima ameinamia mbele kidogo, usimlaze chali, maana akilala ulimi na uvimbe vinarudi nyuma na njia ya hewa inazidi kubana.

3. Sasa usiku huo naenda wapi, kliniki za meno si zimefungwa?

Hospitali yenye kitengo cha dharura kinachofanya kazi masaa 24. Watu wanapoteza muda kutafuta "daktari wa meno" usiku kucha wakati tatizo limeshakuwa la njia ya hewa, na hapo anayehitajika kwanza ni mtu wa kukuwekea dripu, antibiotiki ya sindano na kuhakikisha unapumua, wa meno ataitwa. Kama uko karibu na hospitali ya rufaa ya mkoa nenda huko moja kwa moja, na hospitali kubwa kama Muhimbili Dar, KCMC Moshi, Bugando Mwanza au Kenyatta Nairobi ndo huwa zinapokea wale waliozidiwa. Ukifika usiseme tu "jino linauma" maana utawekwa mwisho wa foleni, sema hivi: nimevimba kuanzia jana, nashindwa kumeza, mdomo haufunguki.

## Maumivu

4. Jino linaniua usiku huu, nifanye nini mpaka kukuche?

Kwanza sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi moja, afu pitisha uzi wa meno au piga mswaki taratibu pale, kuna wakati ni nyama au uzi wa embe umekwama tu kati ya meno mawili na fizi imeumuka. Lala kichwa kikiwa juu, mito miwili. Ukilala flati damu inajaa kichwani na ule mshipa wa jino ambao umeshavimba ndani ya jino ngumu unazidi kubanwa, ndo maana linauma zaidi usiku, wala sio kwamba umerogwa.

Dawa: mtu mzima mwenye afya anaweza kumeza paracetamol, yaani panadol, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya masaa 6, visizidi 8 ndani ya masaa 24. Anaweza kuongeza ibuprofen miligramu 400 kila masaa 8 baada ya kula chakula, isizidi miligramu 1200 kwa siku bila kuandikiwa. Hizo mbili zinafanya kazi kwa njia tofauti kwahiyo kwa pamoja zinasaidia kuliko moja. Ila ibuprofen na diclofenac ni familia moja, usizichanganye, na zote mbili usiguse kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo, pumu inayoamshwa na dawa hizo, unatumia dawa za kulainisha damu (zile za kuzuia damu isigande), una mimba, au unahisi ni homa ya dengue.

Aspirini usiiweke juu ya jino au kwenye fizi. Inaunguza nyama inakuwa nyeupe na kesho unakuwa na matatizo mawili.

5. Nitajuaje kama jino bado linaokoleka au ndo la kung'oa?

Kupima kamili ni kazi ya daktari na eksirei ila kuna fununu. Ukinywa maji baridi linashtuka afu ndani ya sekunde chache linatulia, mara nyingi mshipa bado uko hai na kuziba kunatosha. Likishtuka afu likaendelea kuuma dakika kadhaa, au linaanza lenyewe bila kuguswa, au linakuamsha usingizini, mshipa umeshaumia vibaya na hapo ni kutibu mzizi (root canal) au kung'oa. Likiwa linauma ukiling'ata tu, unahisi kama limerefuka, maana yake maambukizi yameshatoka nje ya ncha ya mzizi.

Ombi langu, usimlazimishe daktari aling'oe kwa sababu umechoka. Jino la mbele au gego zuri lenye mzizi imara linaweza kutibiwa likakaa miaka mingi, kama uwezo na huduma vipo uliza kwanza.

6. Lilikuwa linauma wiki nzima, leo limeacha lenyewe. Si nimepona?

Hapana jamani, na hili ndo swali linalonifanya niandike haya yote. Jino kuacha kuuma ghafla bila matibabu mara nyingi ni kwamba mshipa wa ndani umekufa. Kitu kilichokufa hakiumi. Lakini bakteria wamebaki humo ndani wanakula kilichooza, wanashuka kwenye mzizi na kuingia kwenye mfupa, na kwa sababu hakuna maumivu wewe unaendelea na maisha, unakula upande ule ule, mpaka siku moja asubuhi unaamka shavu limejaa.

Kuna namna ya pili, usaha uliokuwa umebanwa ndani ya mfupa umepata njia ukatoka, aidha kwenye fizi (utaona kijipu kidogo, ladha mbaya mdomoni) au kwenye nyama za shavu na shingo. Presha inapungua, maumivu yanapungua, na mgonjwa anafurahi siku ile ile ambayo maambukizi yamepata uwanja mpana. Kwahiyo jino lililouma wiki likaacha, nenda kapimwe wiki hiyo hiyo.

7. Karafuu inasaidia kweli? Na vile vingine watu wanaweka?

Karafuu ndiyo, ile ina kemikali inaitwa yujeno inayotia ganzi kidogo, hata madaktari wa meno wanaitumia kwenye baadhi ya dawa za kuziba kwa muda. Tone moja la mafuta yake kwenye pamba, weka kwenye tundu la jino, sio kwenye fizi. Ukimwaga mengi yanaunguza, na mtoto mdogo usimwekee wala asimeze. Inakusogeza mpaka asubuhi, haitibu.

Asidi ya betri, mafuta ya taa, petroli, dawa ya kufulia nguo nyeupe, ugoro, hapana kabisa kabisa. Asidi ya betri inatuliza maumivu kwa kuua nyama, inaua fizi na mfupa pamoja, meno ya jirani yaliyokuwa mazima yanaondoka nayo. Gongo ya kushikilia mdomoni nayo haisaidii kitu, ukiimeza pamoja na panadol nyingi unaumiza ini. Kitunguu saumu kibichi kikikaa usiku kucha kwenye fizi kinaacha kidonda cha kuungua, hiki watu hawaamini mpaka wakione.

8. Kwani nisinunue tu antibiotiki famasi?

Kwa maumivu ya mshipa wa jino bila uvimbe wala homa antibiotiki haisaidii kitu, hata ukimeza boksi zima. Dawa inasafiri kwenye damu, na ndani ya jino ambalo mshipa wake umekufa damu haifiki, kwahiyo kiota cha wadudu kinabaki salama. Kikishambulia nyama za nje ndo antibiotiki inakuwa na kazi, na hapo pia ni msaidizi tu, tiba yenyewe ni kutoa chanzo: kufungua jino, kutoboa usaha au kung'oa.

Ule mtindo wa kununua vidonge sita vya amoxicillin na vinne vya flagyl kwenye kikaratasi unafanya mambo mawili mabaya, unapunguza uvimbe kidogo ili uahirishe hospitali, afu unafundisha bakteria kuizoea dawa, ili siku unayoihitaji kweli isifanye kazi. Ukiandikiwa na daktari kunywa kama ulivyoandikiwa, na ukiwa kwenye flagyl acha pombe.

9. Bibi anasema ni wadudu, kuna mtu anawatoa kwa moshi wa dawa. Niende?

Hakuna funza kwenye jino. Kuna bakteria wasioonekana kwa macho ambao wanageuza sukari kuwa asidi, asidi ndo inatoboa. Vile vijitu vyeupe vinavyoonyeshwa kwenye sahani baada ya moshi vinatoka kwenye mbegu za hiyo hiyo dawa iliyochomwa. Maumivu yanaweza kutulia muda mfupi kwa joto la ule moshi, tundu libaki pale pale. Bibi usigombane naye, mwambie tu asante bibi, afu nenda hospitali.

## Uvimbe

10. Shavu limevimba lakini naendelea vizuri tu, nasubiri?

Kama uvimbe ni mdogo, umekaa sehemu moja karibu na jino, huna homa, unameza na kufungua mdomo vizuri, hii ni ya kesho asubuhi, sio ya wiki ijayo. Piga picha kwa simu kila baada ya masaa kadhaa ulinganishe, maana macho ya mwenyewe yanazoea. Ukiona unapanda kuelekea jichoni au unashuka chini ya mstari wa taya umeshahamia swali la 2.

Usikande kwa maji ya moto sana kwa nje, usibinye, na usitoboe mwenyewe kwa sindano au wembe. Sukutua chumvi, kunywa maji mengi.

11. Kwa nini mnaogopa sana uvimbe wa chini ya kidevu?

Kwa sababu hapo hakuna mfupa wa kuuzuia. Mizizi ya magego ya chini ya nyuma inaishia chini ya ule msuli unaobeba sakafu ya mdomo, usaha ukitoka kwenye ncha ya mzizi unamwagikia moja kwa moja chini ya taya. Ukisambaa pande zote mbili sakafu ya mdomo inakuwa ngumu kama ubao, ulimi unasukumwa juu na nyuma, na mtu anakabwa na ulimi wake mwenyewe. Daktari wa Ujerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliueleza ugonjwa huu mwaka 1836 na mpaka leo unaitwa kwa jina lake, anjaina ya Ludwig. Hauna uhusiano na moyo.

Unaweza kutoka uvimbe mdogo mpaka kushindwa kupumua ndani ya masaa, sio siku. Na chanzo chake mara nyingi ni gego bovu ambalo mtu alikaa nalo miezi akituliza kwa diclofenac. Wanaopelekwa mapema wanatobolewa usaha, jino linatolewa, wanawekewa antibiotiki za mshipani, wanapona. Wanaochelewa wanaweza kuhitaji kutobolewa koo ili wapumue.

12. Ni kweli jino halitolewi kama uso umevimba?

Hii imekuwa kama sheria mtaani, na inaumiza watu. Ukweli ni kwamba kutoa chanzo ndo tiba, daktari akiweza kukupa ganzi vizuri na mdomo unafunguka anaweza kulitoa hata kukiwa na uvimbe. Kinachofanya wengine waambiwe "meza dawa siku kadhaa urudi" ni kwamba kwenye nyama yenye usaha ganzi haishiki vizuri, au mdomo umekaza koleo haliingii. Wakati mwingine wanapiga ganzi ya mbali, kwenye mshipa mkuu wa fahamu, na inashika.

Ukipewa siku za kurudi, rudi kweli hata kama uvimbe umeisha. Na kama umepewa dawa masaa 48 yamepita uvimbe unaongezeka, rudi kabla ya tarehe.

13. Jino la juu likitolewa si macho yanapofuka?

Hapana. Mishipa inayoona haipiti kwenye jino, jino la juu linatolewa kila siku na watu wanaona. Kinachoweza kudhuru jicho ni kinyume chake, kuliacha jino la juu lililooza mpaka maambukizi yapande usoni yaingie nyuma ya jicho na kwenye mishipa ya damu ya karibu na ubongo. Ni nadra ila ipo, ndo maana jicho likianza kuziba tunasema ondoka sasa hivi.

## Ajali: jino kung'oka, kuvunjika, taya

14. Mtoto wa miaka tisa kaanguka, jino la mbele limetoka zima na mzizi wake. Nifanyeje?

Hapa kila dakika ina thamani, soma haraka. Lishike sehemu nyeupe inayoonekana mdomoni, usiguse mzizi. Kama lina mchanga lisuuze sekunde chache kwa maziwa baridi au maji ya chumvi ya hospitali, hakuna kingine basi maji safi, usilisugue, usilifute kwa kitambaa, usiweke sabuni wala spiriti. Lirudishe kwenye tundu lake, upande wa mbele uangalie mbele, sukuma taratibu mpaka lilingane na jirani yake, mwambie ang'ate leso safi, afu nendeni kwa daktari wa meno.

Ndiyo, wewe mzazi au mwalimu au kondakta unaweza kulirudisha, wala sio lazima uwe daktari. Kwenye mzizi kuna ngozi nyembamba ya seli hai ndo zinazolishikisha jino na mfupa, zikikauka zinaanza kufa, na likikaa nje kavu saa nzima nyingi zimeshakufa. Likirudi ndani ya dakika chache nafasi ni nzuri sana. Daktari atalifunga na meno jirani kwa waya mwembamba kama wiki mbili, ataangalia chanjo ya pepopunda, na mara nyingi atatibu mzizi baadaye.

Saa imepita? Peleka tu. Linaweza kurudishwa likakaa kwa miaka kadhaa kulinda mfupa na sura wakati mtoto anakua.

15. Nashindwa kulirudisha, mkono unatetemeka. Nilibebe kwenye nini?

Maziwa. Ya pakiti au ya ng'ombe freshi yaliyopoa, sio mtindi wala maziwa ya moto. Kama hakuna, mwenyewe ateme mate kwenye kikombe ulitumbukize humo, au kama ni mtu mzima mwenye akili timamu alishikilie kati ya shavu na fizi, mtoto mdogo hapana atalimeza. Maji ya dafu watu wa pwani wanauliza sana, yana asidi kidogo kwahiyo maziwa ni bora, ila dafu ni afadhali kuliko kulifunga kwenye tishu likauke. Tishu mfukoni ndo mbaya kuliko vyote.

16. Na kama ni jino la utoto?

Usilirudishe. Chini yake kuna kichipukizi cha jino la ukubwani na ukilisukuma unaweza kukiharibu. Bana damu kwa kitambaa safi, mpe panadol ya umri wake, mpeleke akaangaliwe. Kwa kukadiria, meno ya mbele ya ukubwani yanatoka kati ya miaka 6 na 8, kwahiyo mtoto wa miaka mitatu ni la utoto, wa miaka tisa ni la ukubwani.

17. Halijang'oka ila limevunjika, au linacheza, au limeingia ndani.

Tafuta kipande, kiweke kwenye maziwa au maji, kinaweza kugundishwa tena. Kama hukioni angalia mdomo wa chini, mara nyingi kimezama kwenye nyama ya mdomo na kidonda kinashonwa kikiwa humo. Ukiona katikati ya jino lililovunjika kuna doa jekundu au la pinki, hapo ni mshipa, nenda siku hiyo hiyo. Kama kimevunjika kona tu na haliumi unaweza kusubiri siku mbili tatu. Linalocheza au lililoingia ndani usilijaribu kwa kidole kila dakika, kula vitu laini, nenda siku hiyo.

Kama kipande au jino halionekani kabisa na mtu anakohoa au anapumua kwa mluzi, linaweza kuwa limeingia kwenye mapafu, hiyo ni eksirei ya kifua haraka. Likimezwa likaenda tumboni kwa kawaida linatoka lenyewe.

18. Ajali ya bodaboda, nitajuaje taya limevunjika?

Mwambie ang'ate polepole. Akisema meno hayakutani kama zamani, au mdomo wa chini umekufa ganzi, au kuna damu imevilia chini ya ulimi, chukulia limevunjika. Ashike taya kwa kiganja chake, akae ameinama damu itoke nje asimeze. Usifunge mdomo kwa kitenge ukakaza, akitapika atapaliwa. Aliyepoteza fahamu au shingo inauma, shingo na kichwa ndo vya kwanza, meno baadaye.

Taya likichomoka baada ya kupiga miayo, mdomo umebaki wazi haufungi, nenda hospitali likarudishwe, na lisipigwe ngumi wala kuvutwa na jirani. Likiwahiwa ni rahisi, likikaa misuli inakaza.

## Baada ya kung'oa

19. Nimeng'oa mchana, sasa ni usiku damu bado inatoka. Ni kawaida?

Mate ya pinki siku ya kwanza ni kawaida, damu kidogo ikichanganyika na mate inaonekana nyingi. Damu inayojaa mdomoni sio kawaida. Kaa wima, kunja gozi au kitambaa safi kiwe kinene, kiloweshe kidogo, kiweke juu ya tundu lenyewe sio pembeni, ng'ata kwa nguvu dakika 30 ukiangalia saa, bila kuchungulia. Huna gozi, kifuko kimoja cha majani ya chai (tea bag) kilicholoweshwa kikapoa kinasaidia, kuna kitu kwenye chai kinachokaza mishipa. Nusu saa imeisha bado inatiririka, rudia mara moja ukiwa njiani kwenda hospitali.

Masaa 24 ya kwanza usisukutue, usiteme teme, usinywe kwa mrija, usivute sigara, usinyonye tundu kwa ulimi. Lile donge la damu ndo bandeji yako.

20. Siku ya tatu linauma kuliko kabla ya kung'oa, hadi sikioni.

Inaelekea donge la damu limetoka na mfupa umebaki wazi. Inakuja siku ya 2 mpaka ya 4, maumivu yanapanda sikioni, mdomo unanuka, tundu linaonekana tupu. Wavutaji wanapata zaidi, na magego ya chini. Sio hatari ya maisha ila inatesa kweli, rudi ulikong'olea wakaoshe na kuweka dawa kwenye tundu, nafuu inakuja haraka. Kukiwa na uvimbe na homa rudi swali la 2.

## Watoto wadogo

21. Mtoto ana homa na anaharisha, naambiwa ana meno ya plastiki yatolewe. Ni kweli?

Hakuna ugonjwa wa meno ya plastiki, wala ya nailoni. Vile vivimbe vyeupe kwenye fizi ya mtoto wa miezi michache ni chonge zake za utoto ambazo bado hazijatoka, kila mtoto anazo. Mganga anayezichokonoa kwa kisu, wembe au spoku ya baiskeli anachimba jino changa zima, bila ganzi, kwa mtoto ambaye tayari anaumwa. Watoto wanatokwa damu nyingi, wanapata sumu kwenye damu, pepopunda, na kifaa kikitumika kwa mtoto zaidi ya mmoja kinaweza kubeba hata virusi vya UKIMWI. Wanaopona wengi chonge zao za ukubwani zinatoka zimeharibika au hazitoki.

Na ile homa ilikuwa na sababu yake: malaria, nimonia, maambukizi ya tumbo. Mama anayempeleka mtoto huko anampenda mwanae na ametishwa kwamba atakufa, kwahiyo msimkemee, mshikeni mkono mpelekane zahanati. Apimwe malaria, aanze ORS na zinki, aendelee kunyonya. Kuota meno kunaleta mate na usumbufu, homa ya kufika 38 tafuta chanzo kingine. Kama ameshachokonolewa mpeleke leo na useme ukweli wote, usiogope.

22. Mtoto fizi zinanuka vibaya, zina kidonda, shavu linaanza kuvimba.

Mtoto wa miaka 2 mpaka 6 aliyedhoofu kwa lishe duni, au ametoka kuumwa surua au malaria, akiwa hivyo wahi hospitali siku hiyo. Inaweza kuwa noma, ugonjwa ambao unaanza kama kidonda cha fizi na ndani ya siku chache unatoboa shavu. Shirika la Afya Duniani liliuweka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika Desemba 2023. Ukianza antibiotiki, usafi wa kinywa na chakula mapema mara nyingi unazuilika.

## Hali za pekee

23. Nina mimba, si nisubiri nijifungue ndo nitibiwe?

Usisubiri. Ganzi ya kawaida ya meno ni salama, kuziba na kung'oa kunafanyika, miezi ya katikati ndo inakaa vizuri zaidi, ila jipu linatibiwa mwezi wowote. Eksirei moja ya jino ukiwa umevaa aproni ya madini ya risasi (lead) haina shida. Panadol ni sawa, ibuprofen na diclofenac hapana, doxycycline hapana. Maambukizi yaliyoachwa ndo yanayomtishia mama na mtoto.

24. Nina kisukari / selimundu / tatizo la moyo / nakunywa dawa za kulainisha damu.

Mwambie daktari kabla hajagusa kitu. Kisukari kisichotulia kinafanya uvimbe usambae haraka kwahiyo kwako hata uvimbe mdogo ni wa leo, pima na sukari. Mwenye selimundu maambukizi na kukosa maji vinaweza kuamsha maumivu ya mwili mzima, kunywa maji njia nzima. Wenye valvu bandia au waliowahi kupata maambukizi ndani ya moyo wanatakiwa kumeza antibiotiki kama saa moja kabla ya kung'olewa. Dawa za kulainisha damu usiziache mwenyewe ili ung'oe jino, mshipa ukiziba kwenye ubongo ni mbaya kuliko damu ya fizi ambayo inabanika.

25. Kofia ya jino au ziba limedondoka.

Sio dharura kama haliumi. Kofia itunze kwenye kisanduku, jino lisafishe, tafunia upande mwingine, nenda wiki hiyo. Usiligundishe kwa supa gluu, inaunguza na kofia haitakaa tena.

26. Meno yote daktari kasema mazima, mbona yanauma?

Meno kadhaa ya juu yakiuma pamoja na ukiinama yanazidi, na mafua yapo, mara nyingi ni mashimo ya hewa ya usoni (sinasi) yamevimba. Na hili lizingatie hasa kwa mzee: taya linalouma pamoja na kifua kubana, kijasho chembamba, kichefuchefu au mkono kuwa mzito, hasa likija akitembea na kutulia akikaa, linaweza kuwa moyo. Huyo ni wa kitengo cha dharura.

27. Sina hela ya kutibu mzizi, na kijijini hospitali ni mbali.

Uliza hospitali ya wilaya au kituo cha afya cha serikali, vingi vina tabibu wa meno, na kung'oa ni moja ya huduma za bei ya chini zaidi. Ukipiga hesabu ya panadol, diclofenac na antibiotiki za miezi sita pamoja na siku za kazi ulizokosa, mara nyingi umeshaipita bei ya kung'oa. Kama usafiri ni wa siku fulani tu, piga simu kwanza uulize tabibu yupo siku gani na ganzi ipo. Ila ukiwa na dalili za swali la 2 usianze kuhesabu hela mlangoni, ingia dharura kwanza, kama ni hospitali ya serikali omba kuonana na ofisa ustawi wa jamii ukiwa tayari umeshaanza kutibiwa, hiyo ni kazi yake.